Kopo la Unga kwenye Radiata

Jumatatu, 3 Julai 1978

Shule imekwisha. Diploma ninayo. Sauti sina. Mbele ya wakubwa koo langu hufunga kama duka siku ya sikukuu. Lakini najua maji yanavyopooza injini! Kitabu cha fizikia nimekisoma mpaka jalada likatoka: pampu inasukuma maji kuzunguka injini, maji yanabeba joto, yanashuka kwenye mirija myembamba ya radiata, feni inayapuliza, yanapoa, yanarudi kazini.

Tonton Lukumani, kaka yake Mama, ana gereji hapa mtaa wa Makiso, na lori moja linalokunywa maji kama mgonjwa wa malaria. Jumatatu ijayo linakwenda Opala kuchukua mpunga, na siku hiyo Tonton ataanza kumfundisha mtu mmoja kazi. Mmoja tu. Mimi, au Hemedi, mtoto wa mama mkubwa, ambaye huchomeka bisibisi nyuma ya sikio ingawa sijamwona akifungua hata dirisha. Nikikosa, Papa, baba yangu, amesema nitashona kwa Mama Mwanahamisi. Nimewahi kushona shati moja. Halikuwa na tundu la kichwa.

Jumanne, 4 Julai

Mpango wa kwanza. Asiye na sauti achore. Nilichora safari ya maji: mishale ya buluu kwa maji baridi, myekundu kwa ya moto. Nikabandika ukutani gerejini kabla hawajafika. Tonton akatazama, mikono kiunoni. Akasema hii ndiyo akili ya ukoo wetu. Akauliza nani amechora. Nikafungua mdomo. Hewa tu! Hemedi akakohoa, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Tonton akampiga bega. Nyoka! Nyoka mwenye bisibisi!

Jumatano, 5 Julai

Nimegundua ugonjwa. Radiata ina tundu upande wa chini, linadondosha tone baada ya tone. Injini inabaki bila kinywaji, inachemka. Nikamsikia Papa Amuri, dereva wetu, akiwaambia wenzake kwenye kibanda cha kwanga, mikate ya muhogo, kwamba porini yeye hutia unga wa muhogo, wa kushika kwa vidole viwili. Unakwenda wenyewe kwenye tundu na kuliziba.

Nikapiga hesabu. Kama vidole viwili vinaziba tundu moja, kopo zima litaziba hata matundu ya mwaka kesho. Tonton alipokwenda kuswali alasiri nikafungua kifuniko (injini ilikuwa baridi, mimi si mjinga) nikamimina. Injini ikawashwa kidogo kuingiza lori ndani, na tone likakoma! Kesho nitasema ni mimi. Kesho koo litafunguka.

Alhamisi, 6 Julai

Tonton akaendesha mwenyewe mpaka daraja la mto Tshopo kujaribu lori, mimi na Hemedi pembeni yake. Sindano ya joto ikapanda kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Karibu na daraja, mvuke! Tukangoja ipoe. Tonton akafungua kifuniko kwa kitambaa. Kikatoka chakula: foufou, ugali wa muhogo. Cheupe, laini, kimeiva kuliko ninachopika nyumbani. Nilisahau kwamba unga na maji ya moto vina kazi moja tu duniani.

Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha nguo. Mmoja akapaza sauti kudai kisamvu: "Citoyen, sombe iko wapi?" Mwingine akasema yeye ataleta samaki.

Tonton hakucheka. Akamgeukia Hemedi: fundi wa michoro, nani mwingine hapa anajua njia ya maji? Hemedi akaapa kwa jina la bibi yetu kwamba hakuchora kitu, na kwamba hajui hata maji yanaingilia wapi. Kisha koo langu likafunguka. Nikasema ni mimi. Mchoro na unga, vyote viwili. Tonton akaniangalia kana kwamba ni lori lililosema.

Wale wanawake walitusaidia kusukuma. Walicheka kila hatua.

Ijumaa, 7 Julai

Hukumu ya Tonton: "Weye ulipika, weye utaosha."

Radiata ikang'olewa, ikalazwa uani. Mirija yote, mmoja mmoja, kwa waya. Kwanza foufou. Halafu tope jekundu. Halafu mchanga na magamba ya samaki! Miaka sita Papa Amuri anajaza maji ya mto kwa ndoo. Nikamwonyesha Tonton: maji hayapiti, na tope limelifunika joto kama blanketi. Sentensi nzima, kwa sauti! Papa Amuri akatazama paa. Kisha akaliziba tundu kwa risasi iliyoyeyushwa.

Vidole vimevimba. Nywele zinanuka foufou.

Jumamosi, 8 Julai

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya wote. Mtaa wote ulifyeka nyasi kando ya barabara, na habari zangu zilikuwa zimetangulia. Sasa naitwa Citoyenne Kopo, yaani Raia Kopo.

Mchana tukarudi darajani. Sindano ikapanda mpaka katikati, ikakaa. Ikakaa! Tonton akaenda tena, na tena, kwa raha tu. Akasema hajaiona hivyo tangu alinunue lori. Akaongeza kwamba dawa ilikuwa kuosha, si unga, nisijidanganye. Bon. Lakini bila unga nani angeosha? Hilo sikulisema.

Jioni alikuja kwa Papa. "Huyu mutoto iko mujinga, lakini anasema kweli. Ule mwingine iko mujinga tu." Nafasi ni yangu! Hemedi anakwenda kwa Mama Mwanahamisi. Amejaribu cherehani leo. Anashona vizuri. Inaniuma kidogo.

Jumapili, 9 Julai

Kesho Opala! Tonton ameniapisha mbele ya Mama: maisha yangu yote sitatia chakula kwenye radiata. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Kwenye radiata.

Sanduku la gia, lakini, linalia kama mbuzi, na leo Papa Amuri amewaambia wenzake kwamba ndizi moja mbivu hulinyamazisha. Moja tu. Ila lori lina gia tano, na ile ya kurudi nyuma ni ya sita. Mkungu mzima uko jikoni. Nimeshaanza kumenya.