Rufaa Kuhusu Alama Iliyo Juu ya Jicho Langu la Kulia

Delmar Thrasher,
Kijito cha Dubu, Idaho.
9 Oktoba

Ndugu Mwenyekiti wa Kambi ya Uwindaji, shemeji yangu Orrin,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada yangu Verna pamoja na mbwa. Mimi ni mzima pia, ukiondoa sehemu moja ya uso, nayo ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Nimesikia kwa mpishi kwamba kamati yako ya watu watatu ilikaa Jumapili ikanitolea ile kanuni: mwanakambi akiumwa na darubini ya bunduki yake mwenyewe, yaani bunduki ikiruka nyuma na darubini ikampiga usoni, ataosha vyombo msimu mzima, na nafasi yake kule juu ya mlima itakwenda kwa anayefuata. Yaani lile jiwe langu la miaka ishirini na miwili, ambapo alfajiri ya siku ya kwanza elki madume, wale kulungu wakubwa, hupita na mapembe yao kama wameitwa majina, apewe Raylene, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi nibaki na sufuria za watu kumi na wanne. Napinga kwa heshima zote. Sababu zangu ni hizi:

1. Kosa langu ni kuwa mbele ya wakati. Ninyi wote mnapanda mlima na bunduki nzito kama nguzo za uzio. Mimi niliunda yangu mezani pa jikoni, majira ya baridi nzima, mke wangu akila chakula chake kwenye kochi. Nilinunua bunduki ya kawaida, nikaanza kuibadilisha kwa vipuri vya mafundi wa pembeni: mtutu mwembamba, kitako cha nyuzi za kaboni chepesi kama mkate wa juzi, hata skrubu nikaweka za titani. Nilipomaliza, cha kiwandani kilichobaki ni namba tu. Nikaipeleka kwenye mizani ya duka la chakula cha mifugo: ratili tano kasoro wakia moja. Mwenye duka alidhani mizani imeharibika, akapanda mwenyewe kuihakiki, akashuka haraka. Nikiiegemeza mlangoni, upepo unaihamisha. Mtu wa aina hii hapewi sifongo.

2. Nilivunjwa moyo mapema. Raylene alikuja kuiona, akaipima kwa mkono mmoja, akasema mbele ya mke wangu, "Baba mdogo, uzito wote umeutoa. Sasa lile teke la bunduki ikifyatuliwa litakwenda wapi?" Nikamjibu kama mtu mzima anavyojibu: "Litakwenda kwa elki." Walicheka sana wote wawili, na nilichukulia kwamba wanacheka upande wangu. Lakini neno lile liliniingia. Mtu akikuambia utajikwaa, unajikwaa. Kwa hiyo, kama kuna wa kuosha vyombo, tuanze na aliyesema.

3. Kuhusu Jumamosi yenyewe, kule uwanja wa shabaha. Sikatai kwamba nilifyatua. Sikatai kwamba baada ya hapo nilikuwa nimekaa chini, na kofia yangu ilikuwa nyuma ya gari la mtu. Ila alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi inaweza kuletwa na mambo mengi: kifuniko cha debe, mlango wa kabati, kwato za yule farasi wa Verna. Nesi aliyenishona nyuzi nne aliniuliza, "Darubini?" kabla sijavua kofia. Hakuchunguza chochote. Huo ni upendeleo, na nashangaa kamati inautumia kama ushahidi.

4. Hata tukikubali kwamba ni darubini, kanuni inasema mtu aumwe. Mimi nasema darubini ilikuwa mahali pake, nilipoifunga kwa mkono wangu, karibu na jicho ili nione vizuri. Ni uso wangu ulioifuata. Kioo kina ufa, na ndani ya ufa kuna unywele wa nyusi zangu. Nani kamuuma nani? Kwa haki kabisa mlalamikaji ni darubini, nayo haijaleta malalamiko.

5. Wewe mwenyewe, Orrin, unayo alama kama hii tangu mwaka 1991, ndiyo maana kofia yako haitoki hata kanisani. Verna ameniambia. Uliosha vyombo siku zote kumi na mbili za msimu bila kusema neno. Sasa mtu aliyenyamaza vile atajuaje kuhukumu rufaa?

6. Hili la mwisho naliandika polepole. Jiwe lile alilichagua kaka yangu Harlan. Tulilikalia wawili, yeye kushoto, mimi kulia, tukigawana mkate wenye nyama ya jana hadi jua litoke. Tangu afariki nakaa upande wangu tu. Upande wake sijawahi kuweka hata glavu. Leo kamati inataka mtu mwingine akae pale. Nauliza, Mwenyekiti: ni nani hapa duniani mwenye haki ya kukaa mahali pa Harlan? Mtaje jina.

Kwa hayo naomba hukumu ifutwe kabla msimu haujafunguliwa Jumamosi, na kanuni iandikwe upya ili isiwahusu watu wenye bunduki za chini ya ratili sita.

Msalimie Verna, wasalimie wanakamati wote wawili, pamoja na mpishi, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi shemeji yako, mwenye jicho moja wazi na dhamiri safi,

Delmar

Baada ya sahihi: Mchana huu nimerudi uwanja wa shabaha kupiga risasi tatu, ili nikuambatanishie karatasi iwe ushahidi. Karatasi hiyo hapo. Ina tundu moja, na doa lile la kahawia si kahawa. Mara hii nesi alishika sindano kabla sijakaa. Mwulize mpishi kama kambi ina glavu za mpira za kuoshea sufuria, za mkono mkubwa. Na Raylene mwambie asikae kulia. Akae kushoto, jua hufika huko kwanza.