Kopo la Buluu na Kopo Jekundu

Jumatatu, 3 Juni

Sauti imekwenda. Miaka kumi na moja natangaza treni pale stesheni, leo nimefungua mdomo kutangaza ya saa mbili asubuhi, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Abiria wakacheka. Na Jumamosi Mkuu wa Stesheni anazindua vipaza sauti vipya na kuchagua nani atakayekuwa mtangazaji wa kudumu. Mshindani ni mmoja tu: shemeji yangu, mkata tiketi, kaka wa mke wangu, anayekaa kwangu na kula kwangu. Naye kashikwa na mafua yale yale. Mungu yupo.

Muuguzi wa hospitali katuandikisha wote wawili kwenye utafiti. Mafua ya virusi, kasema, tutayatibu kama kawaida: vidonge vya homa, maji mengi, kupumzika, kunyamaza. Juu ya hayo tunaongezewa pakiti za mitishamba ya Kichina, maua makavu na mizizi iliyosagwa, ionekane kama nyongeza inasaidia. Wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine unga wa kuigiza wa rangi ile ile. Nikauliza kwa ishara nani kapewa ipi. Kasema hajui, hata daktari hajui. Hospitali isiyojua dawa yake! Ananificha huyo.

Mke wangu katutengea makopo ya kuwekea pakiti. Langu la buluu, la shemeji jekundu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeonja yangu. Uchungu kidogo tu, kama chai iliyosahaulika kwenye birika. Shemeji kanywa yake, kakunja uso mpaka macho yakapotea. Nikaelewa kila kitu. Dawa yenyewe iko kwenye kopo jekundu!

Alipokwenda kuoga nikahamisha: pakiti zake zote kwangu, zangu zote kwake. Vidonge na maji nimeachana navyo. Mwenye dawa yenyewe ahangaike na maji ya nini?

Jumatano, 5 Juni

Pakiti ya leo chungu balaa. Tofauti kabisa na ya jana. Sauti bado, lakini ulimi umepona.

Shemeji kakohoa mara mbili tu tangu asubuhi. Analala, anakunywa maji, hasemi na mtu. Mvivu mkubwa. Mimi nimeshinda stesheni nikimnong'oneza Mkuu kasoro za shemeji, nikafika ya kumi na nne, akaniomba niende nyumbani kabla sijamwambukiza.

Njiani nikawaza: huenda kile kichungu ndicho cha kuigiza. Wamekitia uchungu makusudi, watunase sisi wajanja. Nimezirudisha pakiti upesi.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji anapiga mluzi bafuni. Mluzi!

Nimehamisha tena. Mke wangu akanikuta jikoni na makopo yote mawili mkononi, akauliza natafuta nini. Nikasema chumvi. Kanionyesha chumvi, iko palepale ilipo tangu tuoane.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kasimama mbele ya kipaza sauti, katangaza treni ya saa nne kwa sauti nyororo hata mimi nikatamani kusafiri. Zamu yangu: nikavuta pumzi, nikameza mate, ikatoka "tre". Basi. Nikajaribu tena, haikutoka hata hiyo. Mkuu kampa shemeji kazi yangu, mimi kanipa dirisha la tiketi. Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Sauti ile ndiyo iliyofanya watu wanijue.

Mchana tukarudisha pakiti tupu hospitalini. Kumbe kila pakiti ina namba ya mgonjwa: zangu zote namba arobaini na moja, zake zote namba arobaini na mbili. Ndiyo kwanza naziona. Daktari kazikagua moja moja, kisha kanisifu mbele ya watu kwamba sikukosea hata moja.

Nyumbani mke wangu kafichua. Aliniona tangu Jumanne. Kila nilipohamisha, yeye alisoma namba akazirudisha. Wiki nzima nimekunywa zangu mwenyewe. Na uso wa kaka yake nisidanganyike nao, kasema. Tangu utotoni anaukunja hivyo hata akila sukari. Nikauliza, sasa nani alikuwa na dawa yenyewe? Kasema matokeo ni mwakani, tena watu wawili hawathibitishi kitu, ila yeye anajua nani alikunywa maji akanyamaza.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Kosa si langu. Ni la mke wangu na kurudisharudisha kwake. Ningeachiwa nifanye kazi yangu, leo natangaza treni.

Muuguzi alitupatia pipi za koo za kumalizia kikohozi, kila mtu kopo lake. Asubuhi hii shemeji katia moja mdomoni, kakunja uso mpaka macho yakapotea. Sasa hivi yuko bafuni, anaimba.

Nimeshabadilisha. Safari hii hazina namba.