Mpini wa Kisu cha Tahnee

Jumatatu, 5 Agosti

Baridi kali asubuhi. Habari kubwa! Tahnee, mjukuu wangu, kapata kazi. Mpishi wa wakata manyoya ya kondoo kule shamba la Tarrawee. Wanaume kumi na sita, njaa yao ya fisi. Anaondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Jana mezani alisema mpishi wa kambi hubeba kisu kimoja tu cha kwake mwenyewe. Kimoja! Vingine vyote ni mali ya jiko. Nikaropoka kwamba nitamtengenezea mimi. Upande wa pili wa meza Athol akakohoa. Eti na yeye ameshaanza kumtengenezea. Ameshaanza! Athol ni mkwe mwenzangu. Mwanangu Craig alimwoa binti yake, Leanne, na tangu harusi ile sijapata raha.

Athol ndiye aliyemfundisha Tahnee kuendesha gari. Athol ndiye aliyemnunulia godoro la kukunja la kambini. Mimi nilimpa mwavuli, mwaka ule mvua ilipokataa kabisa kunyesha. Sasa akichukua kisu cha Athol, kila kitunguu atakachokata atakuwa ameshika mkono wa Athol. Sikubali! Nampenda yule mtoto kuliko kitu chochote duniani. Mke wangu Noelene asisome hapa.

Jumanne, 6 Agosti

Kutwa nzima kwenye Banda la Wazee. Sisi wastaafu wa mji huu tunakwenda pale kutengeneza vitu, kunywa chai na kuwakimbia wake zetu. Bapa langu la kisu liko tayari, limetoka kwenye springi ya pikapu kuukuu. La Athol pia liko tayari. Tulikata yote mawili kwa kielelezo kimoja cha kadibodi. Umbo moja, tofauti itakuwa mpini.

Hapo ndipo nitakapommaliza. Athol anatumia vijiti vya shaba na gundi, kama babu yake. Mimi nina bolti nilizoagiza zamani kutoka Brisbane! Kila bolti ina dume na jike. Dume linaingia upande huu wa mpini, jike upande ule, yanakutana katikati ya msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini, na kukazana kwa bisibisi. Kisha unasaga vichwa mpaka vilingane na mbao. Hubaki duara mbili zinazong'aa. Maelekezo yaliyokuja na bolti sikuyasoma. Hayo ni ya watu wa mjini.

Nilimwonyesha Athol. Akasema vijiti vilimtosha babu yake. Nikamwambia babu yake alikufa. Akanijibu, taratibu, kwamba hata wenye bolti hufa.

Mbao zangu ni za gijii, mti mgumu wa nyika ya kwetu, kutoka nguzo ya ua wa zamani. Nyeusi kama kahawa, ngumu kama kichwa cha Athol. Nimevunja keekee mbili za kutobolea. Athol akanikumbusha kwamba gijii hunuka mvua ikikaribia. Nikamuuliza mvua gani, ya wapi? Yeye mpini wake ni wa msandali, mti ulioanguka uani kwake. Unanukia. Mtu mzima na mpini wa manukato!

Jumatano, 7 Agosti

Balaa.

Nilichonga vipande vyote viwili vya mpini. Vizuri ajabu. Nikaviringisha sehemu ya mbele, nikatoboa matundu, mapana kwa nje kumeza vichwa vya bolti, membamba kwa ndani. Nikavipiga msasa mpaka vikawa laini kama shavu la mtoto. Nikaviweka kwenye bapa. Cha kushoto kikakaa sawasawa. Cha kulia kikakataa. Nikakigeuza. Kikakataa. Nikakitukana. Kikakataa.

Vyote ni vya kushoto! Nimetengeneza viatu viwili vya mguu mmoja!

Nguzo imekwisha, hakuna hata kipande cha kuchokoa meno. Ningeweza kuomba ubao pale bandani, lakini kuomba ni kukiri. Nikakificha kile cha pili ndani ya soksi. Athol akapita, akauliza mambo yanakwendaje mkwe. Nikamwambia murua. Akaniuliza mbona nachechemea.

Usiku Noelene aliuliza kwa nini sina hamu ya chakula. Nilikula sahani mbili tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata wazo! Vipande vya msandali vya Athol viko rafuni kwake. Vimechongwa, bado kutobolewa. Kielelezo kilikuwa kimoja, kwa hiyo cha kulia cha kwake kitakaa kwangu bila ubishi. Nitakipaka rangi nyeusi ya viatu kifanane na gijii. Sitachukua vyote, mimi si mwizi. Nitachukua kimoja. Na Athol akibaki na kimoja hatamaliza kisu kabla ya Jumapili! Wakati mwingine najiogopa kwa akili nilizo nazo.

Mpango: kumtoa Athol bandani. Nikamwambia gari lake lina pancha. Akatoka mbio. Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Athol akarudi, kanishika bega, karibu alie kwa shukrani. Kumbe gari lina pancha kweli! Akaniomba nimsaidie kuinua jeki. Nusu saa nimelala chini kwenye vumbi nabadilisha tairi la adui yangu, na kila nati aliyoifungua alisema Mungu anibariki.

Alipokwenda kunawa mikono, nikachukua. Jioni nimetobolea stoo na kupaka rangi mara tatu. Kinapendeza. Noelene kauliza viatu gani navipiga rangi wakati vyangu vyote ni vya turubai. Nikamjibu vya siku za usoni. Akasema basi nianze na akili za siku za usoni.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya gundi, maana hata bolti huitaka. Ukishaichanganya una dakika tano, baada ya hapo inakuwa jiwe. Nikapaka. Nikabana bapa kwenye jiliwa. Nikaingiza madume, nikaingiza majike, nikachukua bisibisi, nikakaza. Bolti ikazunguka. Nikakaza zaidi. Ikazunguka zaidi. Ukizungusha upande huu, upande ule unakufuata! Lazima mtu mwingine ashike bisibisi ya pili kule ng'ambo. Labda maelekezo yalisema hivyo.

Gundi inaanza kuvuta nyuzi. Nikapiga kelele nisaidiwe. Bandani alikuwepo nani? Athol peke yake.

Akaacha chai yake, akaja, akashika bisibisi upande wa kulia. Upande wake! Mkono wake mwenyewe ukawa unabana mbao zake mwenyewe kwenye kisu changu. Eti kaza mkwe, nimeshika, usiogope, kaza. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Zikakaza zote mbili, tik, tik. Nilitamani kumbusu na kumkimbia kwa wakati mmoja.

Kisha akainama, akanusa. Akasema anasikia harufu ya rangi ya viatu. Nikamwambia ni gijii, mvua inakaribia. Akachungulia dirishani. Hata wingu la kusingizia halikuwepo. Akarudi kwenye chai yake.

Mchana kutwa alikuwa anatafuta kitu chini ya meza na nyuma ya makopo. Nilimsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui niandikeje haya.

Nilifika bandani mapema kusaga vichwa vya bolti. Nikaanza na kushoto. Vikalingana na mbao, vinang'aa kama dhahabu ya malkia. Nikageuza. Nikasaga kulia. Na msasa, jamani, msasa hauchagui! Umesaga vichwa, umesaga na rangi ya viatu. Weusi wote ukaenda na vumbi, chini yake msandali wa njano unanitazama. Harufu ikajaa banda zima. Kama duka la manukato.

Nikasema nifungue haraka, nikitoe. Nikachukua bisibisi. Bisibisi iingie wapi? Mfereji ulikuwa kwenye kichwa, na kichwa nimeshakisaga! Bolti zimelala na mbao, hakuna pa kushika, na gundi imeshakuwa jiwe. Mpini ule hautafunguka tena labda kwa baruti. Nikakaa chini.

Mlango ukafunguliwa. Athol. Akavuta pumzi mara moja tu, akajua.

Nilingoja ngumi. Nilikunja shingo kabisa. Akakichukua kisu, akakipima mkononi, akapitisha kidole pale mbao zinapokutana na chuma. Akasema kimekaa vizuri. Akasema pia kipande kile alikitoa kwenye tawi ambalo Tahnee alikuwa akibembea utotoni, hana kingine kama hicho. Hakuinua hata sauti. Ningependa angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Kisha akasema tutamwambia mtoto tumekitengeneza pamoja. Pamoja! Nusu ya sifa zangu! Lakini ningesema nini, na harufu ile imetujaa puani? Nikakubali. Tulikunywa chai. Akanipa biskuti yake ya mwisho, nikaila kwa uchungu.

Jumapili, 11 Agosti

Kwa Craig. Kondoo wa kuchoma, malenge, mchuzi. Nilimeza kwa shida.

Athol akaweka kisu mezani. Upande mmoja mweusi, upande mmoja wa njano. Nikasubiri Tahnee acheke. Akaangua kilio! Akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, vichwa vyetu vikagongana. Kumbe mtoto alikuwa halali wiki nzima. Alikuwa ameamua kuviacha visu vyetu vyote na kwenda kununua dukani, asimuumize babu yeyote. Dukani! Angeondoka na kipande cha bati cha kiwandani kwa sababu yetu. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi.

Athol akasimama, akasema wazo lilikuwa langu. Mbele ya watu wote! Eti bila mkwe kisu hiki kisingekuwepo. Noelene akanitazama muda mrefu sana. Niliona aibu, kweli niliona, mpaka malenge yalipozunguka mara ya pili.

Kwetu kisu hakitolewi bure, hukata upendo, lazima mpokeaji alipe sarafu. Tahnee akatoa moja. Sarafu moja, babu wawili. Athol akaisogeza kwangu. Nikaichukua kabla hajabadili mawazo.

Ameondoka saa nane. Nililia kidogo nyuma ya tangi la maji. Athol pia alikuwa nyuma ya tangi. Tulisema ni vumbi.

Jumatatu, 12 Agosti

Tahnee kapiga simu kutoka Tarrawee! Wakata manyoya wamemsifia mchuzi. Kisu kinakata hadi mifupa. Akasema saa kumi alfajiri jikoni kuna giza na upweke, lakini akikishika, upande unaolala kwenye kiganja unanukia nyumbani, na anapata moyo.

Upande unaolala kwenye kiganja!

Nimechukua kisu cha jikoni nikajaribu. Mkono wa kulia. Gijii yangu inaguswa na ncha za vidole tu. Kiganja chote, kiganja cha mjukuu wangu, kimelala juu ya Athol!

Nikampigia tena palepale. Nikamwambia mpini una hitilafu, unalegea, ni hatari, akirudi aniletee nibadilishe upande wa kulia. Akasema umekaza kama mwamba. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili yenyewe. Akacheka sana, akasema sawa babu, ataleta.

Kwa hiyo kazi imeanza. Gijii nitapata, kuna nguzo ya jirani haitumiki sana. Bolti mpya zinauzwa Longreach, na kesho Athol anakwenda huko kwa daktari wa macho. Nimemwagiza yeye! Athol atasafiri mwendo wote ule kuniletea bolti za kumng'oa Athol. Hakuuliza hata za kazi gani. Mtu mwema, tatizo lake hana ujanja.

Amesema ataleta jozi mbili, na kwamba atanichongea kipande kingine cha msandali, cha kulia, kikae tayari, endapo changu kitaharibika. Nimemwambia hapana haja. Sijui nani kamwambia kuna kitu kitaharibika.