Mafuta Chini, Macho Juu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wenyeviti, makamu wenyeviti na makaimu wa makamu wenyeviti. Wadau wa maendeleo. Madaktari mlioketi juani. Shangazi yangu, fundi cherehani, uliyewahi kiti cha mbele. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo, kwa unyenyekevu wangu mnaoufahamu, nazindua Kituo Jumuishi cha Kupima Mafuta ya Damu na Presha ya Macho, mradi wa kimkakati niliouasisi baada ya kusoma ukurasa mzima, tena peke yangu, wa ripoti ya kitaalamu isemayo kwamba kolesteroli ikizidi huenda ikaongeza hatari ya glakoma, ugonjwa unaokula uoni kimyakimya kuanzia pembeni, ingawa watafiti bado wanabishana, nami nimewaagiza waache kubishana ifikapo Ijumaa. (Vicheko.) Utekelezaji umefikia asilimia mia na kumi! (Vigelegele.)

Shangazi huyu, ndugu wananchi, alianza kushonea mikono ya mashati kwenye mifuko, akadhani ni uzee. Daktari akamwambia ni glakoma, iwahiwe, na mafuta ya damu yapimwe pia. Nikamwahidi: "Shangazi, mashine ziko njiani." Akalia kwa furaha. Nami nikalia, kamera zilipowasili.

(Shangazi: "Mwanangu, nipime basi, nimekuja bila kula kama daktari alivyoagiza!")

Leo hiihii! Mkurugenzi, fungua mlango! (Mlango unafunguliwa. Nyuma yake ni uwanja mtupu na mbuzi wanaokula majani. Kicheko kirefu.)

Hiyo ni awamu ya kwanza: mfumo wa hewa! (Shangazi: "Hewa nimeiona. Mashine?") Mashine ziko katika hatua ya kufikiriwa.

(Shangazi anapanda jukwaani akipapasa ngazi.)

Shangazi, usinishike tai mbele za watu. Unasemaje? (Shangazi, kwenye kipaza sauti: "Nikipofuka, suruali zako atazipanua nani? Kila mwezi zinakubana! Wewe ndiye wa kupimwa mafuta!" Watu wanashikana mbavu.)

Naam. Hoja imepokelewa. Mafuta chini! (Umati: "Macho juu!") Macho juu! (Umati: "Na mbuzi washibe!")

Kwa kuhitimisha, namshukuru seremala aliyetuazima mlango na fremu yake, na wenye mbuzi kwa uwanja wao, kwani kituo hiki hakijawahi kuwepo popote, hata kwenye ramani. Dereva, washa gari, twende hospitali ya rufaa. Shangazi akae mbele. Mimi pia sijala. Asanteni.