Kushea Kidoti na Bibi Miwani

Jumapili, 4 Mei

Wewe binti yangu mdogo, najua ukija utalifungua daftari hili kabla hujatua mkoba. Basi soma vizuri: umeyeyuka kama chumvi. Ungekuwepo, haya yasingenipata. Dada yako kaja leo kusema mwanawe Kidoti hatalala tena kwangu kila Jumamosi. Moja kwangu, moja kwa mkwe mwenzangu Bibi Miwani, mama yake shemeji yako, aliyestaafu ualimu lakini mdomo haujastaafu. Eti mabibi tushee mtoto. Nikauliza kushea ndiyo nini. Kiingereza hicho. Mimi shule niliiona kwa nje, hata herufi hizi nimezipata ukubwani. Akasema ni kugawana. Nikamwambia mjukuu wangu si mkate.

Jumatano, 7 Mei

Kidoti kapita akitoka shule. Nikamtega kwa karanga. Nikamwambia, mke mwenzangu, kaa hapa unieleze. Akasema mkate mnaushea kwa kuukata, lakini kuna kushea kwingine hakutaki kisu. Yeye na rafiki yake wanashea dawati na dawati bado zima. Habari ukizishea hupungukiwi, mnazo wote wawili. Nikauliza nani kamfundisha. Bibi Miwani. Roho ikaniuma, karanga zikaniishia utamu. Ila akili ikafunguka. Kama dawati wanakaa wawili bila kukatwa, nyumba je?

Jumamosi, 10 Mei

Zamu ya Bibi Miwani. Nimefika kwake na godoro kichwani, mto kwapani, birika mkononi. Nikamwambia, mkwe mwenzangu, nimekuja tushee. Nyumba, kochi, Jumamosi, vyote. Nilitaka akasirike, aseme chukua mjukuu wako uondoke. Sura ya kuonewa nilikuwa nayo tayari. Yule mwanamke akavua miwani, akafuta macho. Akasema tangu mumewe afariki hakuna aliyemgongea mlango na godoro. Akanitandikia upande wa ukutani, palipo na joto. Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Kidoti kajilaza katikati yetu. Kichwa kwake, miguu kwangu. Nimepewa miguu.

Jumapili, 11 Mei

Nimeamka blanketi lote liko kwangu. Nililivuta usingizini, wallahi. Bibi Miwani, pua imekuwa baridi kama bomba, akasema hapo sasa hujashea, umenyang'anya. Kidoti kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Tukacheka sote. Na nisiwe mchoyo wa neno: chai yake nzuri, kwa birika langu lakini. Tena anajua kusikiliza. Nimeshea naye habari zako zote tangu ulipokuwa unanyonya. Kweli sikupungukiwa na kitu.

Kisha akasema anatamani kukuona. Kwamba ukija ufikie kwake, kuna chumba kizima na kitanda kikubwa. Hapo nikakunja godoro langu.

Kushea nimekuelewa, sihitaji kurudiwa somo. Kwa hiyo ukija, shuka kituo cha nyuma, pita kichochoro cha fundi viatu, Bibi Miwani asikuone dirishani kwake. Dada yako usimwambie. Kidoti usimwambie kabisa, yule hazuii neno. Mlango nitauacha wazi na upande wa ukutani ni wako.

Wewe sikushei na mtu.