Mgonjwa Aliyekoroma Kwenye Mtihani

Jamani, aibu niliyoipata leo chuoni, hata nikihama mji itanifuata.

Kwa msionijua vizuri: mie ni Mama Salma. Mke wa mtu, mama wa watoto watatu, mchoma vitumbua wa Manzese, na mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Ndiyo, uuguzi. Kwa umri huu. Darasani wananiita Bi Mkubwa, maana wengi wao ningeweza kuwazaa. (Siku ya kwanza naingia darasani walisimama wote wakaniamkia, wakidhani mwalimu kafika. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?)

Leo ilikuwa mtihani wa vitendo. Ukifeli huu unarudia muhula mzima, na mie nilishajiapiza: nikirudia, naacha. Mwili umechoka. Alfajiri niko na chuma cha vitumbua, mchana chuo, jioni watoto. Na wiki hii kitinda mimba wangu, Hamadi, anaota meno. Ni kilio mpaka asubuhi. Baba Salma yeye akishalala, hata ukuta umwangukie atageukia upande wa pili.

Basi, tumefika chuoni tunasubiri zamu zetu, Madamu anatoka na habari mbaya. Yule mdoli tunayemfanyiaga mazoezi ameng'oka mkono.

"Nataka mtu mmoja awe mgonjwa," akasema. "Kazi yake ni kulala tu kitandani."

Kulala tu? Kitandani? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo! Chumba kile kina kiyoyozi, jamani. Kitanda kimetandikwa shuka jeupe limenyooka, halijawahi kukojolewa na mtoto yeyote. Nikajiambia nitajilaza huku napitia masomo kichwani. (Nia yangu ilikuwa njema. Naomba hilo lieleweke.)

Ndani kulikuwa na watahini wawili: Madamu wetu, na mama mmoja kutoka nje ya chuo, miwani puani, sura kavu kama kuni za tanuri. Mtahiniwa wa kwanza akaingia. Jofrey. Kijana mpole wa Shinyanga, anatetemeka mpaka mfuko wake wa koti unacheza.

"Shikamoo mama. Naitwa muuguzi Jofrey. Nitakupima joto, mapigo ya moyo na presha. Uko tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Niko tayari."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho nikiwa na akili timamu. Jofrey alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, kikajaa upepo, kikanibana taratibu. Mie nikaona kama nakandwa. Nikaenda.

Yaliyofuata nimesimuliwa.

"Mama, unajisikiaje?" Kimya. "Mama?" Kimya.

Maskini Jofrey akadhani kategwa. Akamtazama mtahini wa nje. Mtahini akadhani ni mpango wa Madamu. Madamu akadhani ni mpango wa mtahini. Hakuna aliyeuliza!

Kijana akaanza kufuata alivyofundishwa. Akanipigapiga mabega. "Mama! Mama! Unanisikia?" Kisha akapaza sauti: "Mgonjwa haitikii! Naomba msaada!" Wenzetu waliokuwa nje wakajaa dirishani.

Jofrey akainama, sikio karibu na pua yangu, asikilize kama napumua.

Hapo nikakoroma. Na siyo mkoromo wa kistaarabu. Ule wa pikipiki inayokataa kuwaka.

"Mgonjwa anapumua," Jofrey akatangaza. "Tena sana."

"Sasa utafanya nini?" mtahini akauliza.

"Namlaza ubavu, ili njia ya hewa ibaki wazi."

Akanishika bega na goti, akanivuta upande wake.

Sasa ndugu zangu, mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka yote hii, akivutwa bega kitandani anajua ni nani. Nikaudaka mkono wa Jofrey, nikaukumbatia kifuani, macho nimefumba, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka Mabibo:

"Baba Salma, niache bwana! Nimechoka mie! Kama huna usingizi, kambebe mwanao!"

Dirisha lote likalipuka kwa kicheko.

Nikafumbua macho. Uso wa Jofrey ulikuwa juu yangu, jasho linamtiririka.

"Bi Mkubwa," akanong'ona, "naomba mkono wangu. Bado sijaandika presha."

Nikavuta shuka nikajifunika gubigubi. (Kosa jingine. Mgonjwa akifunikwa hivyo, mnajua maana yake. Huko dirishani kuna aliyeanza kulia kilio cha msiba!)

Yule mtahini mwenye sura kavu akavua miwani, akageukia ukutani. Mabega yakawa yanamcheza. Alipogeuka, akakohoa kidogo.

"Jofrey, umefanya kila hatua ipasavyo. Mgonjwa, amka. Zamu yako. Jofrey, panda kitandani."

Nikashuka kitandani. Nikasema moyoni, ndiyo basi tena, uuguzi ndiyo umeishia hapa, nirudi kwenye vitumbua vyangu. Jofrey amelala amekodoa macho, hathubutu hata kupepesa. Lakini nilipomshika mkono, vidole vyenyewe vikakumbuka kazi. Joto, sawa. Mapigo, sawa. Presha... nikapima. Nikarudia.

"Presha ya mgonjwa iko juu," nikasema.

"Unadhani sababu ni nini?" Madamu akauliza.

"Nadhani sababu ni mie, Madamu."

Yule mtahini wa nje akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimefaulu, jamani. Nimefaulu!

Baba Salma alikuja kunichukua na bajaji yake. Getini watoto wa watu wamejipanga: "Shikamoo Baba Salma! Mwache Bi Mkubwa apumzike!" Akaitikia vizuri tu, hajui kitu. Njiani nikamsimulia. Alicheka, ikabidi aegeshe bajaji pembeni. Halafu akanitazama.

"Kumbe umechoka kiasi hicho, mama?"

Nikaitikia kwa kichwa, huku najifuta macho.

"Basi. Hamadi kuanzia leo analala na mie."

Ninavyoandika hapa, yuko chumba cha pili anambembeleza. Anamwimbia. Mtoto analia zaidi, nadhani ni kwa sababu ya sauti ya baba yake. Nimekatazwa kuinuka.

Haya, chekeni, lakini polepole. Nikimaliza chuo nitapangiwa wodi, na mtakuja tu kuchomwa sindano. Majina ya wanaocheka nayakumbuka.