Kamba Iliyomfisha Mzee Nassor

Leo nimeumbuka. Msiniulize kwa nini nimepita uchochoroni badala ya njia kubwa. Nimeumbuka mbele ya mtaa mzima wa Malindi, mchana kweupe, na kofia yangu ya Idi kichwani. Nipeni kahawa kwanza.

Haya. Mnanijua. Mimi Khamis, fundi wa kanzu, na akifa mtu mtaani ndiye nnayeitwa kukata sanda na kumpima marehemu kwa kamba, wachimbaji wapate urefu wa kaburi. Kazi ya thawabu. Watu wananiheshimu. (Walikuwa wananiheshimu. Mpaka leo asubuhi.)

Msilolijua ni kwamba katika chumba changu cha nyuma nina gari la moshi. Ndiyo, gari la moshi! La bati. Ndugu yangu baharia aliniletea kutoka Ulaya. Unalitia ufunguo, unazungusha, linakwenda krrr mpaka pumzi ziliishie. Sasa mtu ukishakuwa na gari, utataka liwe na pa kwenda. Nikalitandikia reli juu ya ubao, kutoka Ngomeni hadi Bububu, kama hili letu linalopita hapa likitutilia moshi kwenye nguo. Minazi nimeifanya kwa makumbi. Bahari ni kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye joho la mtu. (Msimtafute mwenyewe.)

Mke wangu, Mwanaidi, aliuona ubao ule akatikisa kichwa. "Wenzio umri huu wanaoa mke wa pili," akasema. "Wewe umeoa bati."

Nikamwambia ashukuru. Hakushukuru.

Basi mwaka huu mama yake, Bi. Zuwena, amehamia kwetu. Macho yake yameingia ukungu, haoni ila mwanga. Jioni moja alikaa kando ya ubao wangu akawa anaipapasa reli kwa vidole, polepole, kutoka Ngomeni kuja juu. Alipofika Malindi, vidole vikasimama.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ilipokuwa nyumba yetu. Mbona hukuiweka?"

"Mama, nyumba ile ilivunjwa ili reli ipite. Nikiiweka, gari litapita wapi?"

"Kwenye ubao wako mwenye amri ni wewe. Pindisha reli."

Nikapindisha. Ungefanya nini? Mama mkwe kasema, na kasema kweli.

Lakini nyumba yenyewe ilikuwaje? Mimi niliikuta kifusi. Picha hakuna. Nikaanza kuuliza watu wazima. Mmoja akasema ilikuwa ghorofa tatu. Wa pili akasema mbili, hiyo ya tatu ni maneno ya watu. Wa tatu nikamwuliza nakshi za mlango zilikuwaje, akafikiri sana, akaniambia: "Kila nilipopita mlango ulikuwa wazi, sikuuona."

Nikarudi kwa Bi. Zuwena. Akasema, "Tazama pacha wake."

Kumbe baba yao alijenga nyumba mbili zinazofanana, ubavu kwa ubavu, moja ya Zuwena na moja ya mdogo wake, Nassor. Ya Zuwena ikavunjwa, ya Nassor ikabaki. Na tangu siku ile ndugu hao hawajasemeshana. Siku watu wa reli walipokuja kupima, Bi. Zuwena alimwona mdogo wake amesimama roshanini anatazama, kimya, hakutia neno. Hilo hakulimeza.

"Usiende kumwomba kitu," akaniagiza. "Tazama kutoka nje, urudi."

Basi leo nimekwenda. Asubuhi, kamba yangu shingoni, chaki mfukoni, na pini mdomoni za kuishikiza kamba kwenye nyufa za chokaa. Sasa sikilizeni. Mzee Nassor ana homa, hajaonekana mlangoni siku kadhaa. Mtaa mzima unajua. Mimi pia nilijua. (Hapo ndipo akili zangu zilipotakiwa kuamka. Zilikuwa zimejifunika shuka.)

Niko nimepiga magoti napima kizingiti, akapita Bi. Time, muuza vitumbua, sinia kichwani.

"Fundi Khamis! Leo kwa nani?"

"Kwa Mzee Nassor," nikajibu, pini mdomoni.

"Masikini! Tangu lini?"

"Tangu alfajiri." Nilidhani ananiuliza nimefika saa ngapi.

"Umeshapima?"

"Nshapima. Ila ubao wenyewe mfupi, hautoshi. Itabidi nipunguze juu kidogo, na chini kidogo."

Bi. Time akashika kifua. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

Mimi nikaona ananihurumia kwa ugumu wa kazi. Nikamwambia, "Ahsante."

Ahsante! Mnanisikia?

Nikazunguka nyuma kuhesabu madirisha. Huko uchochoro mwembamba, ukuta umeinama, kamba inanasa, nikachelewa. Niliporudi mbele, majamvi yameshatandikwa. Wanaume wamekaa na makanzu yao, wanawake ndani ya uwa wa jirani wanalia, na sufuria kubwa inapandishwa mekoni.

Nikatema pini. Nikasema moyoni, kumbe kuna msiba hapa, na mimi mkata sanda sikuambiwa! Nikakasirika kidogo, Mungu anisamehe. Nikavua viatu, nikakaa, nikainua mikono. Na machozi yakanitoka. (Mimi msibani nalia upesi, ndiyo kazi yangu.) Dua ilipotulia nikamnong'oneza Maalim Haji, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa kando yangu.

"Maalim, nani katutoka?"

Maalim akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake mzazi.

"Si wewe uliyempima? Tunakungoja wewe utufungulie mlango."

Hapo, ndugu zangu, yote yakanijia pamoja. Bi. Time. Alfajiri. Ubao. Juu kidogo na chini kidogo! Ilinipasa nisimame palepale niseme. Lakini Maalim akaanza dua nyingine, na mimi nikasikia kinywa changu kinasema, "Amina."

Na kabla sijaipata sauti yangu, akatokea Bi. Zuwena.

Mke wangu kamshika mkono, na mama mtu mguu mmoja kavaa kiatu chake, mwingine kavaa changu. Alikuwa hajautia mguu mtaa ule tangu nyumba yake ivunjwe. Watu wakampisha. Akaufikia mlango, akaupapasa, na mlango ule ni sawasawa na uliokuwa wake. Akaulaza uso pale juu ya mbao.

"Nassor!" akaita. "Nassor we! Nlikuwa nije. Kila Idi nasema leo nakwenda, kisha nasema aanze yeye, mimi ndiye mkubwa. Nassor! Nani sasa atanijua nlivyokuwa mdogo? Nassor!"

Hakuna aliyeweza kumtazama.

Na juu, nyuma ya roshani, ikatoka sauti. Sauti ya mzee, imekauka kwa homa. Lakini ilijibu mbio mbio, kama mtoto anayeitwa na dada yake asije akapigwa:

"Naam, dada!"

Jamani! Sinia la Bi. Time likaenda chini, vitumbua vikabingirika mpaka relini. Watu wazima na ndevu zao waliruka majamvi kama mbuzi. Maalim Haji, anayetufundisha kila Ijumaa tusiogope mashetani, alikuwa wa kwanza kufika kona.

Dirisha likafunguka. Mzee Nassor, kajifunga shuka, nywele zimesimama, usingizi wa homa ungali machoni.

"Dada Zuwena? Unalia nini? Nani kafa?"

"Wewe!"

"Mimi? Sijaambiwa."

Akashuka. Tulisikia miguu yake ngazini, taratibu, halafu komeo, halafu mlango. Bi. Zuwena akanyoosha mikono akamshika uso. Akapapasa paji, akapapasa ndevu, akarudi kwenye paji. Kisha akampiga kofi la bega.

"Una homa hivi, na hukunitumia mtu!"

Akalia tena. Lakini kilio hiki kilikuwa kingine, hata sisi wanaume tulikijua.

Ningeondoka wakati ule ningepona. Nilikuwa nshavaa kiatu kimoja. Mzee Nassor akainua macho. "Na nani aliyesema nimekufa?"

Vidole vyote vikanigeukia mimi, na kamba shingoni.

"Nilikuwa napima nyumba, mzee," nikasema.

"Ya nini?"

"Nitengeneze kama hiyo. Ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

Nikaonesha kwa mikono.

"Aishi nani humo? Kuku?"

"Hapana, mzee. Ni ya... gari la moshi."

"Gari gani?"

"La bati."

"Linakwenda wapi?"

"Linazunguka tu."

Mmesikia kicheko nyinyi? Hamjasikia. Watu walishika kuta. Waliokuwa wanalia uwani walitoka wanacheka na machozi yaleyale. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, mpima maiti anacheza mwanasesere!" Na mke wangu, niliyedhani atanitetea, alikuwa kaficha uso ndani ya kanga, mabega yanamtikisika.

Ndugu wawili tu ndio hawakucheka. Bi. Zuwena bado kamshika mdogo wake mkono. Nilikuwa karibu, ndipo nikasikia.

"Siku walipokuja kupima kwangu ulikuwa roshanini. Nilikuona. Mbona ulinyamaza?"

Mzee Nassor akamsogelea sikioni.

"Nilidhani wanapima hii yangu, dada. Nikasema, nyamaza Nassor, waichukue hii, ya Zuwena ibaki. Nilipokuja kujua, mlango wako ushang'olewa. Nikaja kwako, nikapiga hodi, hukuitika."

"Nilikusikia."

"Najua."

Bi. Zuwena akashika ncha ya kanga yake, akamfuta jasho, usoni na nyuma ya masikio, vile unavyomfuta mtoto. "Ingia ndani," akamwambia. "Upepo huu haukufai."

Nami nikapewa amri niingie. "Upime mpaka jikoni," Mzee Nassor akasema. "Umeshaniua, sasa uniogope nini?" Nikapima, na wao nyuma yangu wanabishana ngazi nzima. Dada anasema nyumba yake ilizidi dirisha moja, mdogo mtu anasema ilipungua. Mlangoni Bi. Zuwena akanishika kidole akakiweka kwenye nakshi. "Hapa kwangu palikuwa na ua la yungiyungi. Kwake fundi alichoka, akachonga duara." Sasa naujua mlango ule kama niliyeuona. Njumu zake, misumari ile ya shaba, nitazifanya kwa vichwa vya pini.

Na chakula? Sufuria ilishachemka, na wali wa msiba haurudishwi ghalani. Umeliwa. Marehemu mwenyewe kala sahani mbili, kisha akalalamika kuwa watu hawakumthamini, chumvi kidogo.

Kesho, homa ikimruhusu, wanakuja wote wawili kwenye ubao wangu. Wameshaanza kugombea nani atazungusha ufunguo.

Basi ndiyo hivyo. Miaka yote hii nazika watu, hakuna aliyewahi kunicheka. Leo nimerudisha mmoja tu, hata nyinyi rafiki zangu mmemwaga kahawa.